MREJESHO: Ripoti za zamani za majaribio ya vifaru vya Uingereza

Wakuu, niliuliza jinsi ya kusoma vipimo kwenye ripoti za majaribio ya magari ya jeshi la Uingereza, zile za Chobham, Surrey. Ahsanteni sana, sasa zinasomeka.

Kilichonifungua macho ni nguvu ya kuvuta kwenye ndoano. Gari linalopimwa hufungwa kwa kebo kwenye gari jingine linaloshika breki taratibu, na dainamomita (kifaa cha kupima nguvu) iliyo katikati inasoma. Namba inayotoka ni nguvu iliyobaki baada ya gari kujisukuma lenyewe. Ndiyo maana gari lilelile linavuta vizuri kwenye lami na kushindwa kwenye tope: injini haijapungua kitu, ardhi ndiyo haina mshiko. Kwangu hiki ndicho kipimo cha maana kuliko vyote.

Tani nazo muwe nazo makini. Tani ya Uingereza ni ratili 2,240, yaani kilo 1,016. Kifaru Churchill, cha tani kama 39 na injini ya nguvu za farasi 350, kinapata farasi 9 hivi kwa tani. Ni kidogo mno, lakini gia zake za chini zilikipandisha kilima cha Longstop Hill, Tunisia, Aprili 1943.

Mwinuko wa "1 kwa 3" ni kupanda futi 1 kwa kila futi 3 za mlalo, karibu nyuzi 18. Galoni yao ni lita 4.546, msiichanganye na ya Marekani.

Sasa naingia kwenye shinikizo la minyororo ya kifaru ardhini. Mwenye uelewa anisaidie.