Wajukuu wa Makorora: safari ya Saadani

IJUMAA

20:04 Da Mwanaidi: Asalaam aleykum wana ukoo. Hii mara ya tatu nasema. Shule zikifungwa mwezi wa sita tunakwenda hifadhi ya Saadani. Nataka jibu moja kwa kila nyumba: tuende na kampuni au tujipange wenyewe? Mmesoma watu ishirini na mbili, kajibu mmoja.

20:05 Kassim: Huyo mmoja ni mimi, na nilijibu "sawa" 😂

20:07 Da Mwanaidi: Sawa ya nini Kassim? Kampuni inataka laki na themanini kwa kichwa, siku mbili usiku mmoja. Gari lao linafunguka juu, dereva anaijua hifadhi, chakula, kulala na kiingilio vimo humo. Watu 14 ni milioni mbili laki tano na ishirini. Tukikodi Coaster ni laki sita bila mafuta. Tunapika wenyewe, tunaondoka tukitaka, Bibi akichoka tunasimama.

20:31 Mama Shufaa: Jamani nani ana namba ya yule kijana wa dagaa pale Deep Sea?

20:32 Kassim: Anao tembo pia? Atupunguzie safari 😂😂

20:33 Mama Shufaa: Ana dagaa na uono. Nipeni namba.

20:40 Da Mwanaidi: Tafadhali tumalize moja kwanza.

21:15 Halima Dar: Samahani nilikuwa kazini. Mbona isiwe Mkomazi? Kule kuna faru weusi na mbwa mwitu. Watoto hawajawahi kumwona faru.

21:17 Da Mwanaidi: Halima, Bibi ana magoti. Toka hapa Tanga, Segera, Korogwe, Mombo, mpaka Same, atashukaje huyo? Saadani tunapita Pangani. Na ndiyo hifadhi ambayo mnyama na bahari viko pamoja. Bibi mwenyewe kaitaja.

21:18 Halima Dar: Haya. Ila mume wangu anaingia kwa kiingilio cha wageni, kwa dola. Msimhesabu kwenye bei yenu.

21:19 Kassim: Shemeji tumvalishe kanzu na baraghashia, nani atajua

21:20 Da Mwanaidi: Usianze Kassim. Getini wanataka kitambulisho. Kila mtu mzima aje na NIDA yake. Na hawapokei pesa mkononi, unalipia kwa namba ya malipo au kadi, na gari nalo lina malipo yake. Ndiyo maana nataka hesabu mapema.

22:02 Rehema: Mie nina la kusema, mnivumilie ni refu. Kujipanga ni rahisi kwa bei, nakubali. Lakini mara ile tulipokwenda Saadani wenyewe tulizunguka toka asubuhi, tukaona ngiri wawili na kinyesi cha tembo. Wanyama walikuwepo. Sisi ndio hatukujua pa kutazama. Yassir wangu alilala dirishani, Coaster nzima imejaa masufuria, na nusu ya watu wamekaa upande usioona kitu. Mtu anayefanya kazi mle kila siku anajua maji yako wapi na swala wanatoka saa ngapi. Na mto Wami wenyewe uko kusini kabisa ya hifadhi, huwezi kusema tutapitia tu. Boti ya kwenda kuona viboko na mamba inataka kupangwa kabla. Kwa hiyo mie nasema tusitupe hela yote kwa kampuni, wala tusijifanye wenyeji. Tukodi gari letu, tukifika getini tuombe mwongozaji wa hifadhi akae mbele na dereva.

22:10 Mama Shufaa: Rehema umesema.

22:11 Kassim: Mbele anakaa Bibi. Huyo mwongozaji akae na masufuria.

22:14 Da Mwanaidi: Nimelisoma. Lakini msinipe lawama ya ile safari. Nilipanga kila kitu. Nani aliyesema tukate kushoto pale Mkwaja?

22:15 Kassim: Heee

22:15 Kassim: Mimi nilisema NADHANI kushoto

22:16 Da Mwanaidi: Na nani aliyesisitiza twende mwezi wa nne, katikati ya masika?

22:17 Halima Dar: Da Mwanaidi, tarehe uliweka weye. Ujumbe ninao.

22:19 Da Mwanaidi: Basi mwezi wa sita ndiyo suluhisho. Udongo ule mweusi ukikauka gari linapita. Ukilowa hata trekta linanata.

22:40 Rehema: Ami Salimu hajasema kitu humu toka mwaka ule.

(Hakuna aliyeandika mpaka asubuhi.)

JUMAMOSI

07:26 Da Mwanaidi: Sabahalkheri. Mpaka sasa: Rehema na Mama Shufaa, gari letu na mwongozaji. Kassim "sawa". Halima hajasema. Nyumba nne kimya. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, nitajieni umri. Tusiende na mifuko ya plastiki, vyakula tutie kwenye vikapu. Na mle mwendo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, giza likiingia hakuna kuzunguka. Dereva akija na mbio zake za barabara ya Dar simtaki.

09:03 Mama Shufaa: Yule wa dagaa nimempata, asanteni.

09:50 Tunu: Bibi kanipa simu, kasema mie niandike kwa sababu sauti wengine hamzifungui. Naandika kama anavyosema.

09:58 Tunu: "Nimesomewa yote toka jana. Mwanaidi mwanangu, unahesabu viti, deni hujalihesabu. Siku ile mvua inatupiga nilivua kanga yangu ya kisutu ikatiwa chini ya tairi, na gari halikutoka. Kanga nimesamehe. Gia boksi ya Salimu ilikufa palepale, gari alilokuwa akilishia watoto. Mliahidi kuchanga mbele ya marehemu babu yenu, hakuchanga mtu. Mie sipandi gari la kampuni wala la kukodi mpaka hilo lisemwe. Na safari hii awepo anayeijua njia. Likishasemwa, mnipeleke ufukweni nikatie miguu maji."

10:02 Tunu: Kamaliza. Amerudisha simu, anakunywa chai.

10:45 Rehema: Bibi shikamoo. Nimesikia.

11:20 Kassim: Shikamoo Bibi. Kweli tulikosea. Mie nilikuwa wa kwanza kuahidi.

11:22 Da Mwanaidi: Shikamoo Bibi. Niliandika majina kwenye daftari, elfu hamsini kila nyumba, ikaja misiba, nikaona haya kudai. Sikusahau. Daftari ninalo.

13:37 Ami Salimu: Marahaba nyote. Pesa sikuidai wala sasa siidai. Gari niliuza kwa bei ya chuma. Nilichokitaka mtu apige hodi aseme.

13:38 Da Mwanaidi: Ami niko njiani nakuja.

13:40 Kassim: Na mie nakuja. Uko Kwaminchi au dukani?

15:12 Halima Dar: Nimetuma laki moja kwa namba ya Da Mwanaidi, ni ya gia boksi, si ya safari. Msizichanganye.

15:30 Rehema: Elfu hamsini yangu nayo. Andika Rehema.

18:05 Da Mwanaidi: Tumetoka kwa Ami. Kakubali kutupokea, pesa kasema ziende kwa Bibi ataamua yeye. Kuhusu safari hajasema anakwenda wala haendi. Mabanda ya kulala pale Saadani hayatungojei, lazima nijue idadi kufikia Alhamisi.

18:06 Mama Shufaa: Na pilau anapika nani?

18:40 Tunu: Bibi anauliza, Salimu alikula alipowapokea?

18:41 Kassim: Alikula. Alitupa na samaki wa kukaanga.

18:52 Tunu: Nimemwambia. Kasema sawa.

21:09 Da Mwanaidi: Nyumba nne bado kimya. Gari na mwongozaji, au kampuni?