Mpira wa pete sekondari unamwachia binti nini, ukiacha kukimbia?

Kizibao_C:
Wakuu, habari za jioni. Timu ni ya sekondari ya kutwa: wasichana 14 wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, mipira mitatu, mazoezi siku tatu kwa wiki. Kwenye kikao wazazi wameuliza, binti akimaliza kidato cha nne na hakuwa mchezaji wa kulipwa, atabaki na nini? Jibu la "michezo hujenga nidhamu" halikuwatosha, na wana haki. Naomba wajuzi mtaje somo lenyewe, linatoka kwenye zoezi gani, na huwa linaharibikia wapi.

MlindaDuara:
Mkuu, shika sheria za mchezo, zenyewe ni mtaala.

Aliyedaka mpira ana sekunde tatu tu awe ameutoa, na hakuna kukimbia nao. Anayesubiri adake ndipo atafute wa kumpa, huyo kashachelewa. Kwa hiyo somo ni kuamua mapema. Wapange watano kwenye duara la kama mita nane, mpira mmoja. Kabla mpira haujamfika mikononi, kila mmoja ataje jina la atakayempa. Dakika sita, wapumzike mbili, warudie. Baada ya wiki mbili ingiza mlinzi mmoja katikati. Sasa jina la kwanza linaweza kuzibwa, lazima awe na la pili kichwani. Zoezi hili huuliwa na mwalimu anayepiga kelele "toa, toa!" pembeni. Watoto wanazoea kutupa mpira ili kelele ziishe. Wewe nyamaza, hesabu kwa vidole.

Halafu kuna mipaka. GK (mlinda goli) akipokonya mpira chini ya nguzo yake hawezi kuurusha hadi kwa GS (mfungaji mkuu) upande wa pili. Lazima uguswe kwanza kwenye theluthi ya kati ya uwanja. Na wanaoruhusiwa kufunga ni GS na GA (mfungaji wa pili) peke yao, tena wakiwa ndani ya duara la kufungia, hata kama WD (mlinzi wa pembeni) ana shabaha kuwazidi. Ina maana watano kati ya saba watacheza msimu mzima bila goli hata moja. Ukiandika wafungaji tu kwenye ubao wa matangazo, hao watano umewaambia hawana kazi. Weka daftari la safu tatu: nani alipokonya, nani alitoa pasi ya mwisho, nani alifunga. Msome hilo daftari baada ya kila mechi, hata mliyofungwa.

Ninayoipenda zaidi ni adhabu. Aliyemzuia mwenye mpira akiwa chini ya sentimita 90 kutoka kwake akipulizwa kipyenga, anakwenda kusimama kando ya mwenye mpira na hashiriki mpaka pasi itoke. Akibaki kubishana na refa anachelewesha mchezo, hilo nalo ni kosa. Kwenye mazoezi mpe kipyenga mchezaji wa akiba, na akosee makusudi mara mbili tatu. Utaona nani anakwenda kusimama na nani ananuna. Wa kununa ndiye wa kushughulika naye mwezi huo.

Benchi_la_Akiba:
Mkuu hapo juu kasema vizuri, ila sheria zikiwa nzuri na mwalimu akawa mbovu, wanajifunza mengine. Kila aliyeisogelea UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania) analijua neno mamluki. Ukimvisha sare mtu asiye mwanafunzi wako ili ushinde, wale 14 wameshajifunza somo la maisha, tena hawatalisahau.

Jambo la pili ni benchi. Una 14, wanaoanza ni saba, nusu ya timu inakaa. Hao ndio huacha kuja mazoezini wiki ya tatu, kisha tunasema wasichana hawana uvumilivu. Kila aliyekaa apewe karatasi na kalamu na kitu kimoja cha kuhesabu: senta pasi zetu (pasi za kuanzisha mchezo katikati) zilizopotea, mara tulizozidisha sekunde tatu, upande ambao GS wao hupenda kudakia. Wakati wa mapumziko waseme wao kwanza, dakika moja kila mmoja, mwalimu mwishoni. Usiwape watatu kitu kimoja, watanakiliana.

Pete_305:
Naongeza dogo kwa ajili ya wazazi wanaowaza mitihani. Nguzo ni mita 3.05, na wafungaji wengi hurusha asubuhi wakiwa wametulia, wanaingiza 16 kati ya 20, mwalimu anafurahi. Mechini anarusha akihema. Mfanye akimbie mstari hadi mstari mara nne, arushe mitano, mizunguko minne. Andika namba zote mbili, ya kutulia na ya kuhema. Tofauti ndiyo ya kufanyia kazi. Mwonyeshe kwamba anayefanya maswali ya mitihani iliyopita bila saa mezani anajidanganya vilevile.

Kizibao_C:
Asanteni sana. Na kubadilishana nafasi? Kuna anayetaka GK acheze GS ili aelewe.

MlindaDuara:
Inafaa sana, mara moja kwa wiki, dakika 15, lakini usifanye wiki ya mechi. Na mfupi akivaa kizibao cha GK wenzake watacheka. Mpangie akabane mfupi mwenzake siku ya kwanza.

Benchi_la_Akiba:
Mkuu, usisahau begi: pedi, bukta mbili za ziada, maji lita 20. Anza saa 10:15, funga saa 11:30 kamili jioni, maana ni shule ya kutwa na kuna wanaotembea kwa miguu. Wakichelewa kufika nyumbani mara mbili, mzazi atamtoa kwenye timu na hutamlaumu.

Kizibao_C:
Begi nimeliandika. Bukta ndizo hatuna, naanzia hapo kesho.