Kwa nini China haikuichukua Hong Kong mwaka 1949?

Mdadisi: Wakuu habari zenu, naombeni mnieleweshe. Oktoba 1949 jeshi la Mao lilifika mpaka mto Shenzhen, ng'ambo pale kuna Mwingereza, afu likasimama hapohapo. Watu waliokuwa wanalaani ukoloni kila siku wanaachaje koloni mlangoni kwao mpaka 1997? Walimwogopa Mwingereza au vipi?

Kobe Mzee: Mkuu hamna cha kuogopa, ile ilikuwa hesabu. Sera ya Beijing ilikuwa kupanga kwa muda mrefu na kuitumia Hong Kong kadiri inavyowezekana. Angalia 1951, vita ya Korea imepamba moto, UN ikawawekea China vikwazo, sasa dawa, mafuta na vyuma vingepita wapi kama sio kwa magendo ya Hong Kong na Macau, koloni la Mreno pale jirani? Halafu China yenyewe ilikuwa inawauzia watu wa Hong Kong nguruwe, mboga, na kuanzia 1965 maji ya mto Dongjiang, inalipwa fedha za kigeni ambazo kwingine ilikuwa inazipata kwa shida sana.

Binti wa Pwani: Naongezea hapo kwa Kobe. 1967 wafuasi wa Mao ndani ya Hong Kong walianzisha vurugu kubwa, mabomu mitaani, watu kama 50 wakafa, na bado Beijing haikutuma jeshi kuiteka. Macau ndo kabisa, Januari 1967 gavana wa Kireno alisaini kuomba radhi baada ya polisi wake kuua Wachina, Ureno ilishanyoosha mikono, lakini China ikamwacha Mreno aendelee kukaa mpaka 1999!

Mdadisi: Asanteni. Na wenyeji wenyewe walisemaje?

Kobe Mzee: Nani aliwauliza? Serikali ya Mao imepewa kiti cha China UN 1971, mwaka uliofuata tu ikaomba Hong Kong na Macau zitolewe kwenye orodha ya makoloni, ikasema ni ardhi yake na itamalizana nayo wakati ukifika, na Baraza Kuu likakubali. Kumbuka waliokuwa kwenye ile orodha ndo waliokuwa na njia ya kudai uhuru wao. Kwa hiyo 1984 mawaziri wakuu, Thatcher wa Uingereza na Zhao Ziyang wa China, wanasaini Beijing mkataba wa kuirudisha Hong Kong kwa China, Deng Xiaoping, mkubwa wa China wakati huo, anaangalia, watu zaidi ya milioni 5 wa Hong Kong hawana kiti pale mezani. Mimi hilo naliona ni dhuluma, na Mwingereza naye hachomoki.