Tupeane uzoefu: Ulikuwa wapi siku za kura za Arua Manispaa?

Mzee wa Kijiweni (mwanzisha mada)
Wadau wa West Nile, pembe yetu ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, na wote mliowahi kuishi Arua, salaam. Leo asubuhi kijana mmoja kijiweni kaniuliza, "Mzee, Arua Manispaa ndiyo wapi?" Kijana wa hapahapa, mwenye kadi ya kura mfukoni. Chai ilinishinda. Jimbo lililoitikisa Uganda nzima Agosti 2018, leo watoto wetu hawalijui hata kwa jina.

Kwa wadogo: jimbo lile lilikuwa divisheni mbili tu, Arua Hill na River Oli. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ikawa jiji, siku moja na Gulu, Jinja, Mbarara, Mbale, Masaka na Fort Portal. Ayivu ikaunganishwa nasi na Manispaa ikafutika kwenye ramani ya uchaguzi. Siku hizi mnasikia Arua Central, Ayivu Mashariki na Ayivu Magharibi. Mwaka 2006 tulimpeleka bungeni Akbar Godi wa FDC, chama cha upinzani, 2011 Dk. Gabriel Ajedra wa NRM, chama tawala, 2016 Ibrahim Abiriga wa NRM, 2018 Kassiano Wadri, mgombea binafsi. Angalieni hapo: hakuna hata mmoja tuliyemrudisha. Sisi tulikuwa watu wa kupima na kubadilisha, na nataka hilo liandikwe kabla hatujafa. Leteni mliyoyaona kwa macho yenu. Ya kusimuliwa yaacheni.

Binti Oli
Umenikumbusha mbali, mzee. Nilipiga kura yangu ya kwanza 2006. Upepo wa FDC ulikuwa mkali mno, ukivaa fulana ya chama kingine steji ya boda wanakuzomea mpaka ufike nyumbani. Godi alikuwa kijana mbichi kabisa, tulimpenda kwa sababu alifanana na sisi. Yaliyompata baadaye yalikwisha mahakamani, sitaki kuyarudia hapa.

Boda Steji Kuu
Kweli kabisa.

Mwalimu Mstaafu
Ninyi mnaanzia 2006. Mimi naanzia 1989, wakati hakuna cha karatasi wala sanduku. Wengi tulikuwa tumerudi tu kutoka Zaire, tulikokimbilia baada ya mapigano ya Oktoba 1980. Nyumba nyingine zilikuwa bado hazina bati. Tukaitwa uwanjani tuchague Baraza la Upinzani la kijiji, RC, kwa mlolongo. Mgombea anasimama mbele, wewe unasimama nyuma yake, hesabu inapigwa kwa kugusa vichwa. Waliochaguliwa kijijini wanachagua wa ngazi ya juu, hivyohivyo mpaka anapatikana wa kwenda Baraza la Taifa Kampala.

Kulikuwa na muuza samaki jirani yangu, alikuwa akidaiwa na mwenye duka, na mwenye duka ndiye mgombea. Mke wa muuza samaki alikuwa upande wa pili, kwa shemeji yake. Yule bwana alisimama katikati ya uwanja na kikapu chake mkononi, jua linawaka, kila mtu anamtazama. Msimamizi akapiga filimbi. Akaenda kwa mwenye duka. Mkewe hakumpikia wiki nzima, na mtaa mzima tulijua sababu.

Ndiyo maana Machi 1994, tulipochagua wajumbe wa Bunge la Katiba kwa kura ya siri, mimi nilikuwa karani kituoni na niliona kitu ambacho sitakisahau. Haboba mmoja, yaani bibi, wa Kinubi aliingia, akatia kidole gumba kwenye wino, akabonyeza, kisha akanishika mkono: "Mwalimu, kweli hakuna atakayejua?" Nikamwambia, haboba, hata mimi sijui. Aliikunja ile karatasi polepole, mara nne, akaitumbukiza, akatoka akicheka peke yake.

Kijana wa Mvara
Mlolongo si wa zamani tu, mwalimu. Tarehe 10 Julai 2018 tulipanga mstari kuchagua LC1, baraza la kijiji, nchi nzima, mara ya kwanza tangu 2001. Mwezi mmoja tu kabla ya uchaguzi mdogo wa Manispaa. Kwetu watu walianza kusukumana mstarini, ikabidi tuhesabu upya. Jirani aliyenikuta kwenye mstari usio wake mpaka leo ananisalimu kwa kidevu.

Mwalimu Mstaafu
Umeona sasa, mwanangu? Kura ya mlolongo inauza ujirani.

Fundi Cherehani Oli
Mimi sikubali. Mlolongo hauibiwi. Kila mtu anaona mstari mrefu ni upi. Kura ya siri ndiyo inayogeuka njiani.

Binti Oli
Kaka, mstari mfupi umeshawahi kutangazwa mshindi mara ngapi? Usitudanganye.

Fundi Cherehani Oli
Mkiwa na simu zenye kamera hawawezi.

Mzee wa Kijiweni
Tusitoke kwenye mada jamani. Nani alikuwepo wakati wa Abiriga?

Muuza Vitenge
Mimi nilimshonea. Kila kitu njano, rangi ya NRM: kanzu njano, kofia njano, viatu njano, na gari lake lile dogo la Beetle njano. Nilikuwa natafuta kitambaa cha rangi ileile mpaka Ariwara, upande wa Kongo, kwa sababu kikiwa kimefifia kidogo tu anakikataa. Watu walimchukia kwa kuunga mkono kuondolewa kikomo cha umri wa rais mwaka 2017, na mimi pia sikufurahi, nasema wazi. Lakini ukimkuta njiani anasimama, anakuita kwa jina la mtoto wako.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 8 Juni 2018, kumi la mwisho la Ramadhani. Tumeshafuturu, simu zikaanza kulia mtaa mzima kwa wakati mmoja. Amepigwa risasi Matugga, karibu na Kampala, akikaribia kufika kwake, yeye na mlinzi wake ambaye ni ndugu yake. Kuna watu walishangilia mitandaoni usiku ule. Mimi nilikuwa na kipande chake mezani, nimeshakata, bado kushona. Siasa gani ya kushangilia maiti?

Boda Steji Kuu
Mungu amrehemu. Wale walioshangilia hawakuwa wa Arua.

Kijana wa Mvara
Wengine walikuwa wa Arua, tusifichane.

Mpika Chapati
Nimesoma yote haya nikinyamaza. Wacha na mimi niseme, maana sijawahi kuyaandika popote.

Jumatatu, tarehe 13 Agosti 2018, siku ya mwisho ya kampeni ya kumtafuta wa kujaza kiti cha Abiriga. Meza yangu ya roleksi, chapati ya kukunjwa na mayai, ilikuwa karibu na hoteli waliyofikia watu wa Bobi Wine, mwanamuziki aliyekuwa mbunge wa upinzani. Siku hiyo wakubwa wote walikuwa Arua. Rais alikuja kumnadi Nusura Tiperu wa NRM, Besigye, mkongwe wa upinzani, alikuja kwa Bruce Musema wa FDC, Bobi Wine yuko na Wadri. Mji wetu huu mdogo! Nilikanda unga kuliko siku zote na mayai nikakopa trei kwa trei, nikijua jioni nina ada ya mtoto. Mchana mambo yalikuwa mazuri. Njano, bluu na nyekundu zinapishana barabarani, watu wanataniana, wananunua kwangu bila kujali rangi.

Kisha zikaja habari kwamba msafara wa Rais umepigwa mawe na kioo cha gari moja kimevunjika. Hilo sikuliona, siliongezei chumvi. Nilichokiona ni maduka kufungwa kwa mkupuo, mlango baada ya mlango, na watu wakikimbia bila kuulizana wanaenda wapi. Giza linaingia, milio ikaanza. Kijana nisiyemjua aliruka akaingia chini ya meza yangu. Mafuta yalikuwa yanachemka juu yake. Wadau, risasi zinalia lakini mimi nilikuwa nawaza mafuta tu: meza ikitikiswa, yule mtoto wa watu anaungua. Nikashika mpini wa kikaango kwa kitambaa, mkono wa pili nimemshika binti yangu, nikasimama hivyohivyo. Kulala chini sikuweza. Mkono ulikuwa unaungua polepole na sikuuachia. Ilipotulia kidogo nikamwaga mafuta mtaroni, nikamwambia yule kijana toka, kimbia nyuma ya ukuta.

Usiku ndipo tukasikia dereva wa Bobi Wine, Yasin Kawuma, amepigwa risasi akiwa ndani ya gari, amekufa. Baadaye wenye sare wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ni akina nani sitasema, mimi naishi hapa. Mlango wetu walipiga teke mara moja tu. Wakamchukua mdogo wangu aliyekuwa amelala na malaria, dawa bado ziko kwenye kavera, mfuko wa plastiki, kando ya mkeka. Ilikuwa panda gari, msako wa kuzoa watu, kama ile waliyotusimulia wazazi. Alirudi baada ya Idd. Fulana aliyoondoka nayo ilikuwa imegandamana na mgongo, mama aliilowanisha kwa maji ya uvuguvugu ndiyo ikatoka.

Kura ilikuwa Jumatano. Nilienda.

Binti Oli
Dada yangu. Pole. Pole sana.

Muuza Vitenge
Nimelia hapa dukani mbele ya wateja.

Boda Steji Kuu
Yote kweli. Mimi nililala kwenye mtaro wa maji machafu karibu na soko mpaka alfajiri.

Kijana wa Mvara
Na mkumbuke Jumatano ile mtu tuliyekuwa tunampigia kura alikuwa kizuizini Gulu. Wadri hakumwona hata wakala wake mmoja. Nilisimama kituoni wakati wa kuhesabu, chini ya mwembe. Msimamizi anainua karatasi juu, anaigeuza pande zote tuione, anasoma: Wadri. Tiperu. Wadri. Wadri. Hakuna aliyepiga kelele, tuliogopa. Tulikuwa tunahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Mwisho ikatangazwa 6,528 kwa 4,798. Mfungwa kashinda! Yeye, Bobi Wine na wenzao zaidi ya 30 walishtakiwa kwa uhaini pale Gulu, na dhamana walipata tarehe 27.

Fundi Cherehani Oli
Lakini tuseme ukweli, Wadri ni mtu wa Terego. Alikuwa mbunge kule, akakosa kura, akaja kwetu. Manispaa haikuwa na watoto wake?

Kijana wa Mvara
Na Tiperu alitoka wapi? Si siasa zake zilianzia Yumbe? Mji ni wa anayeishi na anayefanya biashara humo. Ukianza kuuliza asili, hapa Oli nani atabaki? Mnubi, Mlugbara, Mkakwa, Mualuri, Mkongomani aliyeoa hapa, wote tumeufanya mji.

Fundi Cherehani Oli
Mimi sijataja kabila. Nimetaja jimbo.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, shusheni sauti. Fundi ana haki ya kuuliza. Ila jibu lilitolewa na wapiga kura wenyewe, na walilitoa siku mbili baada ya risasi. Hilo ndilo kubwa kwangu. Mji uliopigwa Jumatatu ungeweza kulala ndani Jumatano, na hakuna ambaye angewalaumu.

Mhamiaji wa Kampala
Naomba ushauri. Binti yangu anasoma Chuo Kikuu cha Muni, atapiga kura Arua Central mara ya kwanza. Baada ya haya niliyoyasoma sijui nimwambie nini.

Binti Oli
Mwambie aende saa moja asubuhi vituo vinapofunguliwa, apige, arudi bwenini. Asivae rangi yoyote ya chama. Simu iwe imejaa chaji.

Kijana wa Mvara
Hapana. Apige kisha abaki. Sheria inaruhusu, akae mita 20 kutoka kituoni. Kura za Manispaa tulizilinda kwa kusimama, si kwa kulala. Na saa kumi jioni wakianza kuhesabu atazame, wakimaliza apige picha fomu ya matokeo.

Boda Steji Kuu
Chaji haitamsaidia kitu wakizima intaneti kama Januari 2021. Abebe mwavuli na mandazi. Njaa imeshawahamisha mawakala wengi kuliko hongo hahaha.

Muuza Vitenge
Mwavuli wenyewe usiwe wa njano.

Mpika Chapati
Mwambie akague jina lake kwenye orodha inapobandikwa kabla ya uchaguzi. Tulipounganishwa na Ayivu, jirani yangu alizunguka siku ya kura akitafuta kituo mpaka muda ukaisha. Hilo la kubaki au kuondoka atajua mwenyewe akifika, aangalie nyuso za wanaolinda.

Mhamiaji wa Kampala
Awadifo, asante dada. Na mdogo wako anaendeleaje?

Mpika Chapati
Yuko Ariwara, anatengeneza simu. Ana mke na mtoto. Kura hajapiga tena, na mimi simlazimishi.

Fundi Cherehani Oli
Dada, kwako sina ubishi. Nilikuwa napita kwenye meza yako kila siku, sikujua.

Mzee wa Kijiweni
Wadau, nina kalenda ya Abiriga ya 2016 na bango la Wadri la 2018 lenye tope la siku ileile. Nakusanya za kila mgombea, waliopita na walioanguka, niwaonyeshe vijana wa kijiweni. Mwenye ya Ajedra ya 2011 au Godi ya 2006 aniambie nimfuate.

Muuza Vitenge
Ajedra ninayo, imefunika dirisha la stoo. Njoo nayo nyingine ya kuziba, mzee, mvua zimeanza.

Binti Oli
Godi iko kwa mama, panya wamekula upande wa jina. Uso upo. Nitaipiga picha umeme ukirudi.