Companion na mkate, kweli kuna uhusiano?

kijana_wa_chake
Asalam alaykum jamani. Mie nasomesha tuisheni ya Kiingereza hapa Chake Chake, jana mwanafunzi kaniuliza neno companion asili yake nini, nkamwambia maana yake rafiki, akasema hiyo naijua mwalimu, nataka lilikotoka. Nimelala nalo. Kuna mtu kamwambia ati ni mambo ya mkate, kweli?

mtu_wa_malindi
Waalaykum salaam. Kweli kabisa. Ni Kilatini, com ni pamoja na panis ni mkate, basi companion ni yule unaekula nae mkate. Waingereza wamelipata kwa Wafaransa, maana Wanormani, watu wa kaskazini ya Ufaransa, walipoiteka Uingereza 1066 maneno chungu nzima ya Kifaransa yakaingia kule, na company limetoka humohumo, ndo hili sie tunaloliita kampuni. Wallahi nilipojua nkakumbuka kwetu asubuhi, mkate mmoja wa boflo na chai ya rangi, tunakatiana vipande barazani na anaepita anaambiwa karibu. Friend ni jengine, hilo la Kiingereza chenyewe cha zamani, limetoka kwenye kitendo cha kupenda.

bi_mwandani
Na mate je, lile wanaloitana Waingereza na Waaustralia? Hilo nalo chakula! Limetoka Kijerumani cha kaskazini cha zamani, mtu mnaekula pamoja, na ni ndugu na meat, ambayo zamani ilikuwa chakula chochote si nyama peke yake. Sie tunaokula sinia moja tunalielewa hilo bila kufundishwa.

wa_wete
Mie nisingemfasiria rafiki mwanangu, ningemwambia mwenzi au sahibu. Tazama vitabu vya dini vya Kiingereza, masahaba wa Mtume (S.A.W.) wanaitwa Companions, na sahibu na masahaba mzizi wake mmoja, kufuatana na mtu na kukaa nae. Rafiki kwa Kiarabu hasa ni mwenzio wa safarini, ndo Waarabu wakasema rafiki kabla ya njia. Kwa hiyo wenzetu wameanzia kwenye chakula, haya yetu ya Kiarabu yameanzia kwenye kufuatana.

kijana_wa_chake
Allah awalipe. Hiyo ya masahaba sikuifikiria kabisa na wote wanasoma chuo cha Kurani, ntaanza na hiyo. Kesho naingia na boflo darasani.