Tupeane uzoefu: kofia, kroshia na charahani katikati ya kazi, jiko na watoto

Mshona Viua, Wete
Assalaamu alaykum jamani. Nyumba nyingi za huku Pemba zina mkoba uliotundikwa nyuma ya mlango, na ndani ya mkoba mna kofia iliyofika nusu. Mtu ana kazi, ana watoto wa kupeleka skuli na chuo cha Kurani, ana jiko, na kofia inamngoja. Wenye kujua watupe njia wanazotumia. Naanza mie na kofia ya viua, yaani ile ya vitundu vinavyozungushiwa uzi.

Kofia haimaliziki kwa "nikipata nafasi". Igawe mafungu kabla hujakata kitambaa. Kichwa cha sm 57, gawa kwa 3.14, unapata kipenyo cha duara la juu sm 18 na ushei. Ongeza sm 1 ya mshono kila upande, kata duara la sm 20. Ukanda wa pembeni kata urefu sm 59 na kimo sm 10, ubaki 8 ukishakunjwa. Vyote kata viwili viwili kwani kofia ina tabaka mbili. Na kitambaa kwanza kiroweke, kikauke, kipigwe pasi. Popleni ambayo haijarowekwa inapungua ukubwa ikifuliwa mara ya kwanza, na kofia ya 57 inakaa utosini.

Kuchora, kupiga bandi (mishono mirefu ya kushikiza tabaka mbili) na kupima ni kazi za mezani, zitafutie asubuhi moja ya mapumziko. Kuzungushia uzi kwenye viua ndiyo kazi ya mkobani, inafanyika popote. Bandi ziwe karibu, kama sm 2 baina ya mstari na mstari, ama sivyo tabaka ya chini inatembea na tundu la juu halikutani na la chini. Usitoboe kofia nzima kwa siku moja. Toboa fungu la leo tu. Tundu la msumari halikati nyuzi za kitambaa, linazisukuma pembeni, kwa hiyo likikaa wiki bila kushonwa zinarudi na tundu linajifunga.

Binti Mkoani
Mkoba nyuma ya mlango! Hata huku Mkoani upo, na mwengine juu ya kabati.

Fundi wa Kiponda
Dada Mshona Viua umesema kweli, ila wenye charahani tuna tatizo jengine. Charahani ukiiacha mwezi kwa sababu ya shughuli, hewa ya chumvi haikungojei. Ukirudi, saa nzima ya kushona inakwenda kwenye kuikwamua.

Kila ukimaliza, toa bobini na kikombe chake, futa vumbi la nyuzi kwa brashi ndogo, tia tone moja moja la mafuta ya charahani kwenye matundu yake, zungusha gurudumu kwa mkono, kisha shona kitambaa kibovu mpaka mafuta yasionekane tena. Inyanyue sindano juu, tia kitambaa chakavu chini ya kiguu, ifunike. Dakika tano. Na nawaombeni, mafuta ya nazi si mafuta ya charahani. Yanaganda kukipoa, yanashika vumbi, baadaye yanakuwa ulimbo ndani ya vyuma.

Jengine linalokula muda wa watu ni uzi kufanya vitanzi chini ya kitambaa. Wengi wanakimbilia bobini. Vitanzi vikiwa chini, mara nyingi kosa liko juu: uzi umepitishwa kiguu kikiwa kimeshushwa, haukuingia baina ya visahani vya kukazia. Nyanyua kiguu, toa uzi wote, upitishe upya. Sindano nayo ina mfereji mrefu upande mmoja, huo uelekee upande uzi unakoingilia. Ukiivisha kinyume, inaruka mishono au inakata uzi. Kwa popleni na kanga, sindano namba 11 au 14 inatosha. Jinzi, 16.

Nyuzi za Mchangani
Mtu mwenye kazi ya ofisi anunue ya umeme tu, yakhe. Ya mguu inachosha, na kelele zake zinaamsha watoto.

Fundi wa Kiponda
Ya umeme? Umesahau Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima giza miezi mitatu? Mwaka 2008 pia karibu mwezi mzima. Ya mguu haikuuliza.

Nyuzi za Mchangani
Kaka, hiyo ni zamani. Mtu anarudi kazini saa kumi na moja, amepika, amefua, unamwambia akanyage tena charahani? Zipo za umeme zenye gurudumu la mkono pembeni, umeme ukikatika unamalizia pindo kwa mkono. Mshono wa zipu au kola unautoa kwa mota, upesi, ukalala.

Fundi wa Kiponda
Na umeme ukiwa mdogo mota inavuta, inapata moto. Kila mtu na yake, lakini usimwambie mtu aiuze ya mguu. Mkanda wa ngozi ukilegea kata kama sm 1, toboa upya, funga kibanio chake. Hiyo ndiyo gharama yake.

Jirani wa Konde
Mnagombania charahani, na mie mazungumzo haya yamenikumbusha kofia ya harusi moja hapa Konde. Sitaisahau.

Kofia ilikuwa ya bwana harusi, viua vyote tayari, imebaki kuunganisha duara na ukanda. Mwenye kuishona akashikwa na shughuli, akaifunga kwenye kanga, akaitia kwenye debe la biskuti na kifuniko juu, masika yote. Sindano na pini mbili zimo ndani ya kitambaa. Debe halipumui. Unyevu ulioingia na kanga ukabaki humo humo.

Harusi imekaribia, debe linafunguliwa usiku baada ya isha, watu wamejaa ukumbini. Madoa ya kutu matatu, kila moja ukubwa wa punje ya choroko, mawili katikati ya duara la juu, yaani pale pale panapoonekana mtu akiinama kusalimia. Nyumba ilinyamaza. Mama mtu akakaa chini. Ndugu mmoja, kwa nia njema, akakimbilia chupa ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, akamimina. Doa lilikuwa la rangi ya chai, likageuka kahawia iliyoiva, na uzi wa viua vilivyolizunguka ukaanza kulainika.

Bi mkubwa mmoja ndiye aliyeinyakua. Kwanza aliisuuza maji mengi, akarudia, mpaka harufu ya klorini ikaisha kabisa. Kisha usiku ule hakufanya kitu chengine, akaiacha majini. Asubuhi akakamua ndimu, akachuja nyama zote, akatia chumvi laini mpaka ikawa uji mwepesi, akapaka kwenye madoa tu, akaiweka juani juu ya sahani nyeupe. Ikikaribia kukauka anaongeza ndimu, haiachi ikauke kabisa. Kufika adhuhuri doa moja limeondoka, mawili yamebaki kivuli. Akasuuza, akarudia. Viua vilivyoharibika vikafumuliwa. Kwa vile duara na ukanda vilikuwa bado mbali mbali, mtu mmoja alishona juu na mwengine pembeni kwa wakati mmoja. Ingekuwa imeshaunganishwa, isingewezekana. Kofia ilivaliwa.

Binti Mkoani
Moyo umenienda mbio kusoma.

Mama wa Jang'ombe
Subhanallah. Lakini jamani klorini si inatoa kila doa kwenye nguo nyeupe?

Jirani wa Konde
Haitoi kutu. Inaizidisha. Klorini inakula chuma zaidi na rangi inakaza kwenye pamba. Kutu inataka kitu kichachu: ndimu, au unga wa ndimu (asidi ya sitriki) kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto.

Nyuzi za Mchangani
Basi tia vyote viwili, klorini na ndimu, iishe haraka.

Fundi wa Kiponda
Hapana! Hili si la utani. Klorini na kitu kichachu vikikutana vinatoa hewa ya sumu, inachoma macho na kifua. Ndiyo maana bi mkubwa alisuuza kwanza mpaka harufu ikaisha. Na ndimu yenyewe ioshwe yote mwishoni, ikibaki juani inachosha pamba.

Nyuzi za Mchangani
Nimekusikia, kaka. Nashukuru.

Mshona Viua, Wete
Kisa cha Konde kimetupa kanuni nzima ya kuacha kazi katikati. Kabla hujainuka, sindano itoke kwenye kitambaa iende kwenye kifuko chake. Kazi ikae ndani ya foronya ya pamba, isikae kwenye plastiki wala debe. Na usiunganishe duara na ukanda mpaka dakika ya mwisho.

Mwanamke wa Mwani, Paje
Sisi ratiba yetu haipangwi na saa. Inapangwa na maji. Maji ya bamvu, bahari inapotoka sana, tuko baharini, kufunga na kuvuna mwani, hapo hamna sindano. Yakija maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, ndio siku za kushona. Kwa mwezi unapata mafungu mawili ya maji mafu, kila moja kama wiki. Kwa hiyo kata na piga bandi siku ya kwanza ya maji mafu, usipoteze siku hizo kwa kutafuta uzi mjini. Uzi ununuliwe kabla.

Tatizo ni mikono. Kamba na chumvi zinaikwaruza, na uzi wa hariri unanasa kwenye ngozi, unatoka nywele. Sugua sukari na mafuta ya nazi kiganjani, osha kwa sabuni mpaka utelezi uishe, kausha vizuri. Ukishona na mafuta mkononi unapata kofia yenye alama za vidole.

Mama wa Jang'ombe
Na wa daladala je? Kutoka Bububu mpaka Darajani foleni inatosha kushona viua vingi.

Binti Mkoani
Sindano ndani ya daladala usithubutu, dereva akifunga breki inaingia kwako au kwa jirani. Daladalani beba kroshia. Ncha yake butu, na mkono ukiyumba unafumua vitanzi viwili tu.

Vitambaa vya makochi usifume kitambaa kizima njiani. Fuma vipande vya mraba vya sm 10, kroshia ya milimita 1.5 au 1.75 kwa uzi mwembamba wa pamba, kisha viunge nyumbani. Kitambaa cha sm 40 kwa 60 ni vipande 24. Kipande cha kwanza kipime kwa rula ukifuate hicho, kwani mtu akichoka mkono unakaza, na kipande cha jioni kinatoka kidogo kuliko cha asubuhi. Ukishuka, kitanzi cha mwisho kitie pini ya mtoto, hakifumuki hata mkoba ukipinduka. Simama mwisho wa mstari, usisimame katikati, na idadi ya mistari iandike kwenye simu hapo hapo.

Mama wa Jang'ombe
Na sweta za watoto za sufu? Nina ndugu Iringa huko baridi.

Binti Mkoani
Sufu inataka kipande cha kupimia kwanza, sm 10 kwa 10, uhesabu vitanzi. Sindano za milimita 4 kwa sufu ya kawaida. Huku joto, jasho la mkono linaifanya ikwame kwenye sindano, fuma baada ya alfajiri au usiku upepo ukiwapo. Na hifadhi yake, nondo. Tia karafuu kwenye sanduku.

Fundi wa Kiponda
Karafuu ina mafuta, inatia doa la kahawia. Tumia vidonge vya nondo.

Binti Mkoani
Nguo ya mtoto mchanga unaiwekea vidonge vya nondo? Harufu ile? Karafuu kavu, ndani ya kifuko cha kitambaa kizito, kifuko kisiguse sufu. Wapemba tumeanza lini kufundishwa karafuu?

Fundi wa Kiponda
Haya, kwa kifuko nakubali. Lakini kila mwezi sanduku lifunguliwe, sufu ikung'utwe juani. Nondo anayekula sufu anapenda giza na kuachwa.

Mama wa Jang'ombe
La mwisho: usiku, watoto wamelala, ndio nafasi yangu. Nyeupe juu ya nyeupe sioni.

Mshona Viua, Wete
Tandika kitambaa cheusi mapajani, chini ya kofia. Kila tundu litaonekana kama doa jeusi, hukosei. Taa ikae kushoto ukiwa unashonea mkono wa kulia, kivuli kisianguke kwenye sindano. Kutoboa acha mchana, usiku zungushia uzi tu. Na sindano zihesabu kabla ya kuinuka. Sumaku ya spika mbovu inazikusanya kwenye mkeka kabla mtoto hajaamka.

Mama wa Jang'ombe
Ahsante Bi. Na kanji, kofia ikishaunganishwa?

Mshona Viua, Wete
Unga wa muhogo kijiko kimoja cha chakula, koroga kwa maji baridi kwanza, kisha mimina maji ya moto nusu lita huku unakoroga, chuja. Chovya kofia, ikamue kwa kuibana na taulo bila kuisokota. Ivishe kwenye sufuria au bakuli lenye mzingo wa sm 57, lipime kwa futi ya kamba, usikisie. Viua vilivyoziba kanji vizibue kwa kijiti ingali mbichi. Ikikauka umechelewa.