Ukoo wa Elia: PS ya Bray

*Jumamosi, saa 1:12 usiku*

Bray: Shikamooni wakubwa. Baba Mdogo, nimepata PS5, ile mashine ya gemu ya Sony, ipo hapa Majengo. Laki 9. Haina sehemu ya CD ndo maana bei imelegea. Ile laki 3 uliyoniahidi bado ipo? 🙏

Baba Mdogo Fredi: Marahaba. Ipo, matokeo yako niliyaona. Ila kama haina sehemu ya CD, gemu inaingilia wapi?

Mama Bray: Kwenye bando langu.

Bray: 😂 Mama jamani. Unanunua kwenye duka la Sony la mtandaoni, unashusha, inakaa humohumo kwenye mashine. Hakuna CD ya kukwaruzika.

Baba Mdogo Fredi: Kaka yako Godi alipokwama ada ya chuo aliuza CD 5 kwa siku moja, Jumatatu akaingia darasani. Wewe ukikwama utauza nini?

Godi: Hiyo stori haizeeki tu 😂 Kweli niliuza. Ila aisee msikilizeni mtu mwenye banda la gemu. Pale Pasua gemu moja ya mpira nimeinunua mara 3. Ya kwanza ilikwaruzwa na watoto waliotoka kula sambusa. Ya pili iliondoka na mteja, hadi leo sijui nani. Ya tatu nikaishusha. Sasa ni mwaka wa pili, ipo. Na kubadili gemu nabonyeza tu, sinyanyuki kwenye benchi.

Aika: Godi, malizia basi. Nani hunijia Shanty Town usiku na mashine kwenye begi la shule kama mtu aliyefukuzwa nyumba?

Godi: Faiba ya dada yangu ni faiba yangu, intaneti ya waya haina bando.

Aika: Mnaona! Gemu moja kubwa ni GB 100 hivi, na zipo zinazopita hapo. Bray huko kwenu hamna faiba. Na hiyo mashine wanaandika GB 825, ukiiwasha unakuta kama 667 ndo zako. Zikijaa unafuta moja ili uweke nyingine. Siku ukiitaka uliyoifuta, unalipa bando upya.

Bray: Hata ya CD inajaa vilevile dada. Inajikopi yote ndani.

Aika: Hapo umenipata. Lakini inajikopi bila bando, zinabaki apdeti tu.

Bray: Na apdeti nazo si mchezo 😅

Babu Elia: MNANUNUA AU MNAKODI

Aika: Shikamoo Babu. Hapohapo ndo penyewe. Unalipia ruhusa ya kucheza. Kule California, Marekani, walipitisha sheria 2024, ikaanza kazi Januari 2025: duka la namna hiyo likiandika "nunua", limweleze mteja waziwazi kuwa anachopata ni leseni.

Babu Elia: MARAHABA. KIHAMBA HIKI, SHAMBA LA UKOO, NILIACHIWA NA BABA. BRAY HIYO GEMU ATAMWACHIA NANI

Bray: Babu mimi nina miaka 17 😂😂

Aika: Kwa masharti yao hamwachii mtu, akaunti haihamishiki. CD anampa tu mwenzake, yameisha.

Godi: Msiitukuze sana hiyo CD. Kuna gemu ya magari inaitwa The Crew, ilitoka 2014. Wenye gemu, Ubisoft, wakazima seva, yaani kompyuta zao za mtandaoni ilizozitegemea, tarehe 31 Machi 2024. Wa CD, wa kushusha, wote chali. Ile CD sasa ni ya kutundika shambani kwa Babu ifukuze ndege.

Babu Elia: NDEGE HAWAZIOGOPI TENA

Mama Bray: Mie nauliza la kwangu. Hela inalipwaje huko?

Bray: Kuna jamaa anauza akaunti ina gemu 12 tayari, elfu 70 tu.

Aika: Bray HAPANA. Hiyo akaunti ameshawauzia watu wangapi? Email ni yake, siku akibadilisha nenosiri wewe unabaki unaangalia kufuli. Fungua ya kwako kwa email yako. Na ujue Tanzania haimo kwenye orodha yao ya nchi, ndo maana watu wanafungua kama wako Afrika Kusini au Marekani. Kadi ya kuongezea salio lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Mimi niliuziwa ya pauni 20 na akaunti yangu ni ya Marekani. Ikakataa. Muuzaji akaniambia kadi ikishakwanguliwa hairudi. Nikaila hasara yangu kimyakimya.

Godi: Kimyakimya wapi, ulinipigia unalia.

Bray: Ila dada ofa zao umeziona? Gemu ya dola 70 ukivumilia unaikuta dola 20. Hapa mjini CD ina vumbi la miaka 2 na mwenye duka hapunguzi hata mia.

Aika: Ofa ni kweli, sibishi. Mimi huvizia za Desemba.

Baba Mdogo Fredi: Nilikuwa naegesha gari. Swali moja. Akitaka kuongeza sehemu ya CD baadaye, inawezekana?

Aika: Inategemea Baba Mdogo. Zile nene za kwanza, za 2020, haiwezekani kabisa. Nyembamba zilizokuja mwishoni mwa 2023 zinakubali. Kifaa chake kilitoka kwa dola 80 kule Marekani, na siku ya kwanza mashine lazima iwe na intaneti ndo ikitambue. Bray, piga picha ubavuni. Plastiki ikiwa imekatwa na mstari, ni nyembamba.

Bray: [picha]

Bray: Hakuna mstari 😔

Aika: Nene.

Baba Mdogo Fredi: Basi laki 3 yangu inasubiri. Tafuta nyembamba au yenye CD, ukipata nitumie picha kabla hujatoa hata senti.

Bray: Yenye CD hawashuki chini ya milioni na laki 2 Baba Mdogo.

Baba Mdogo Fredi: Nimesema inasubiri, sijasema imekufa.

Mama Bray: Asante shemeji. Na LUKU hapa zimebaki uniti 4, Bray nenda kanunue kabla duka halijafungwa.

Bray: Naenda. Ngoja nimwambie jamaa siichukui.

Godi: Usimwambie kwanza.

Godi: Nitumie namba yake.

Aika: GODI 😂😂😂

Godi: Ya banda jamani! Watoto wa sambusa hawana pa kukwaruza. Dada, Jumanne usiku upo nyumbani?